Mahari ya Ineza

Leo asubuhi nilikuwa nyuma ya jiko, kwenye migomba, najifunza kucheka.

Siyo kucheka kwa kawaida. Kicheko cha malkia mbaya. Mwalimu Alfonce alisema changu hakifai, eti nacheka kama mtu anayeomba msamaha. "Eustakia, malkia haombi ruhusa. Anacheka yeye, wanatetemeka wengine." Basi nikashika kiuno, nikainua kidevu, nikacheka. Mbuzi wetu akaacha kutafuna, akaniangalia. Nikaona aibu. Aibu ya mbuzi, jamani.

Ndivyo nilivyo. Darasani jibu nalijua, nikiulizwa linanikwama kooni. Dukani nasimama pembeni mpaka muuzaji aulize, na wewe? Hodi ndiyo siwezi kabisa. Nafika mlangoni kwa watu, nasimama, nasubiri mtu atoke mwenyewe au mbwa abweke. Mama anasema siku moja nitaota mizizi kwenye ua wa mtu.

Sasa mtu kama mimi kuwa malkia imetokeaje? Sisi kidato cha pili tumepewa igizo la mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu alitaka msichana mrefu, akanyoosha kidole, kikaangukia kwangu. Nikashindwa kukataa. Kukataa nako kunataka sauti.

Lakini kuna kitu sikukitegemea. Nikiwa malkia, sauti inatoka. Inatoka yenyewe, nene, mpaka wa nyuma kabisa wanasikia. Kwa sababu siyo yangu. Nimeiazima.

Niseme nimeiiba. Nimeiiba kwa Mama Iteka.

Mama Iteka ni mama wa kambo wa Ineza, na Ineza ni rafiki yangu, wa pekee niliye naye hapa Kasulo. Jina lake Mama Iteka ni Kanyange, ila tunamwita kwa mtoto wake mdogo. Siku nyingi anakwenda Lusahunga, kule magari yanakosimama, anauzia madereva wa malori mahindi ya kuchoma na maparachichi. Sauti yake imezoea kushindana na injini. Ni mrefu, akitembea kitenge kinapiga upepo, akisimama mkono uko kiunoni, na kicheko chake kinaanzia chini tumboni kinapanda ngazi ngazi mpaka kinatokea puani. Nilichukua vyote. Mkono, kidevu, kicheko.

Siku ya kwanza nilipoigiza hivyo, Ineza alianguka kwenye nyasi kwa kucheka. "Huyo ni mukadata! Wallahi huyo ni mukadata mzima mzima!" Kwao kwa Kirundi mukadata ni mke wa baba. Halafu akajifuta machozi, akaniambia, "Ongeza pale anaponyamaza. Akinyamaza anakuangalia tu. Pale ndiyo anatisha."

"Huwa anakupiga?"

"Hajawahi. Afadhali angenipiga, ningejua."

Mama yake Ineza alifariki tukiwa darasa la nne. Kwenye igizo pia mama wa binti wa mfalme amekufa. Mfalme anaoa tena, malkia mpya ana mtoto wake, hamtaki yule binti ndani ya nyumba, anamwoza kwa zee moja la ng'ambo ya mto ili asirudi. Malkia ni mimi. Binti wa mfalme ni Ineza.

Basi leo Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya mwisho kwa nguo zenyewe, na Mama Iteka alikuwa ameahidi kuniazima kitenge chake cha bluu chenye manyoya ya tausi. Sijui kama alijua namwigiza yeye. Labda alijua. Alimwambia Ineza, "Marikia hawezi kuvaa kanga iriyopauka, mwambie aje achukue kitenge." Anaongea hivyo, l kwake ni r. Huku kwetu tuko wengi. Nyumbani tunaongea Kihangaza au Kirundi au Kisubi, Kiswahili tunakivaa shuleni kama sare, na l na r tunazivaa kushoto kulia kama viatu. Hata madaftari yangu yana duara nyekundu za Mwalimu Alfonce kila ukurasa.

Nikafika kwao. Mlango wa mbele wazi, pazia limeshuka. Ineza alishatangulia shuleni. Nikasimama. Nikafungua mdomo niseme hodi, haikutoka. Nikasema nihesabu mpaka kumi halafu nitasema. Ndani Mama Iteka alikuwa anaongea na simu kwa sauti kubwa, kaweka spika, anaongea na mwenzake wa biashara wa Lusahunga anayeitwa Odeta. Odeta ni Msukuma, kwa hiyo wanaongea Kiswahili.

"Odeta! Mahari ya Ineza nimepata!"

Nikaacha kuhesabu.

"Weee! Umepata wapi?"

"Biharamuro mjini. Kwa yure mzee Kazimiri, mstaafu. Nyumba nzuri, bati, maji yako ndani, umeme upo. Mtu wa kujiheshimu, siyo wa pombe."

"Na amekubali?"

"Amekubari vizuri sana. Amesema mtoto akimariza tu mtihani nimrete. Godoro nimenunua, mashuka nimenunua, ndoo nimenunua. Bado sanduku."

"Na baba yake?"

"Niyongabo? Nitamwambia mwenyewe akirudi kutoka Rusumo. Yure ataanza tu, mtoto mdogo, mtoto mdogo. Mdogo wapi!" Akacheka. Kicheko kile kile, ngazi ngazi. "Ira Ineza asijue kwanza. Akijua saa hizi, mtihani wenyewe hafanyi."

Sikungoja kitenge. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye njia, halafu nikakimbia. Njia nzima kichwani ni hivyo hivyo, mahari, mzee, godoro, mahari, mzee. Mtihani wa kidato cha pili ni mwezi ujao tu.

Shuleni nilikuta wameshapanga viti. Ineza amevaa gauni jeupe la komunio aliloazima kwa jirani, limembana kidogo kifuani, amejichorea nyusi kwa mkaa. Akanikonyeza. Nilitaka kumvuta pembeni palepale ila Mwalimu Alfonce akapiga makofi.

"Malkia kaja bila nguo za kimalkia! Haya, tutamuona hivyo hivyo. Onyesho la tatu. Malkia anaagiza sherehe. Sauti, Eustakia!"

Nikashika kiuno. "Andaeni karamu! Leo binti wa mfalme anaondoka!"

Manirakiza ndiye mtumishi. Akainama mpaka chini, akatoka mbio, akarudi mbio, akapiga goti mbele yangu na kunipa peni ya bluu kwa mikono miwili.

"Karamu hii hapa, mtukufu."

Watu walipasuka. Mwalimu akashika kichwa. "Manirakiza! Nini hiyo?"

"Si amesema karamu, mwalimu? Nikajua anataka kusaini."

"Kusaini nini? Karamu! Chakula! Ngoma! Hiyo uliyoshika ni kalamu! La! Semeni wote, la!"

"Ra!" tukajibu.

"Mungu wangu. Wazazi watakuja, mgeni rasmi atakuja, malkia ataomba ubwabwa apewe peni."

Nilicheka na mimi. Hilo ndilo linaloniuma sasa kuliko yote. Nilisimama pale, nikaona kwa macho yangu karamu inageuka kalamu, nikacheka pamoja na wenzangu, na kichwani mwangu kile nilichotoka kukisikia mlangoni kwa watu kikakaa vile vile, hakikutikisika.

Ineza akauliza, akiwa bado anacheka, "Mwalimu, kwani huyu malkia anataka nini hasa?"

"Anataka ubaya."

"Ubaya wa nini?"

"Ineza, hii ni hadithi siyo baraza la kata. Malkia mbaya ni mbaya, kazi yake ni hiyo. Ukianza kumuuliza sababu tutakesha hapa. Mapumziko!"

Tukaenda nyuma ya tangi la maji. Jua lilikuwa kali, lile la kabla ya mvua. Ineza akainua gauni lisiguse vumbi.

"Kitenge kiko wapi?"

"Nimefika kwenu. Sikupiga hodi."

"Makubwa. Sasa hiyo habari?"

"Ineza." Nikatafuta maneno, yakakataa. "Ineza, umeshatolewa mahari."

Akacheka. "Unaigiza vibaya."

"Siigizi. Nimemsikia kwenye simu."

"Amesemaje?"

Hapo ndipo ilipotokea. Kwa sauti yangu mimi nisingeweza kumaliza sentensi mbili, najijua. Kwa hiyo nikatumia ya yule. Mkono ukaenda kiunoni, hata sikuupeleka. Kidevu juu. "Odeta! Mahari ya Ineza nimepata! Kwa yure mzee Kazimiri!" Nikasema yote, godoro, mashuka, nyumba ya bati, akimariza mtihani nimrete, Ineza asijue. Nikacheka na kile kicheko chote mpaka puani. Sijawahi kucheka vizuri vile. Hata Mwalimu angenipigia makofi.

Nilipomaliza Ineza alikuwa ameegemea tangi.

"Godoro," akasema.

"Nini?"

"Kuna godoro jipya chumbani kwao, liko ndani ya nailoni. Nilimuuliza la nani. Akasema la mgeni." Akaangalia viatu vyake. "Kumbe mgeni ni mimi."

"Tumwambie Mwalimu."

"Mwalimu atamwita ofisini. Atakuja na kile kitenge, watacheka, watapewa soda, mimi nitaambiwa nirudi nyumbani nikamsaidie mama kazi."

"Msubiri baba yako basi."

"Baba? Baba mbele ya yule ni kama wewe mbele ya mlango wa mtu." Halafu akanishika mkono. "Samahani. Sikumaanisha vibaya."

Alisema anakwenda Mbuba kwa mama mdogo Secilia, mdogo wake marehemu mama yake, akakae kule mpaka mtihani. Nikamwambia amalize mazoezi kwanza, akasema akimaliza mazoezi jua litakuwa limeshuka. Nikampa sweta langu afunike lile gauni. Lilimfika kiunoni tu, chini bado jeupe. Ana kasimu kadogo ka batani alikopewa na baba yake, akanionyesha, betri lina kijiti kimoja.

"Nikifika nakutumia meseji kwenye simu ya mama yako. Usimwambie mtu."

"Sitasema."

"Najua hutasema," akacheka kidogo. "Wewe?"

Akapita kwenye uwazi wa ua, akashika njia ya kwenda lami. Gauni lilikuwa linaonekana mbali, kati ya mihogo, jeupe, linapotea linatokea.

Mazoezi yakaendelea bila binti wa mfalme. Mwalimu akauliza yuko wapi, wenzangu wakasema tumbo, yeye akasema na nyie matumbo yenu yanapenda Jumamosi. Akaweka kiti mahali pake, nikakiambia kiti, "Toka mbele yangu, mtoto wa mfu!" Watu wakapiga makofi.

Nimerudi nyumbani, nimechota maji, nimemenya ndizi, nimeosha vyombo, nimerudi kuosha vile vile nilivyoviosha. Kila simu ya mama ikilia nadondosha kitu. Mara ya kwanza ilikuwa mtandao wanatuma matangazo yao. Mara ya pili, mtu amekosea namba. Mama akaniuliza, "Una nini leo? Unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu."

"Haya. Usinivunjie sahani."

Jua likazama. Meseji hakuna.

Kisha nikasikia kwenye njia hatua ndefu, na kitenge kinapiga upepo. Nikajua kabla sijamuona. Iteka yuko mgongoni amelala, kichwa kimening'inia. Mkononi ana mfuko. Hakucheka, wala hakushika kiuno.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Iteka," mama akasema.

"Shikamoo mama," nikasema mimi. Sijui ilitoka vipi.

"Marahaba, mwanangu. Ineza yuko humu?"

Nikaangalia chini.

"Hajarudi. Nimekwenda shure, mrinzi anasema mazoezi yameisha zamani. Nimekwenda rami. Yure mama wa ndizi anasema ameona binti ana gauni jeupe anaongea na dereva wa rori. Nikasema siyo yeye. Ineza wangu haongei na madereva, nimemkataza tangu zamani." Akanyamaza, akaniangalia. Kule kunyamaza ambako Ineza alisema kunatisha. Leo nilikuwa karibu nako. Macho yalikuwa yananiomba.

"Eustakia," mama akasema, "kama unajua kitu, sema."

Nikachukua sahani, nikaanza kuifuta tena.

"Eustakia!"

"Amekwenda Mbuba," nikasema. "Kwa mama mdogo."

"Mbuba kufanya nini?"

"Anakimbia mahari."

Mama Iteka akakunja uso. "Anakimbia mahari? Nani amemwambia habari ya mahari?"

"Mimi. Nilikuja asubuhi kufuata kitenge. Nilisikia."

"Ohoo." Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Sasa kwa nini akimbie? Mahari nzuri vire! Nimehangaika nayo mwezi mzima!"

Hapo mama yangu akasimama. Mama yangu siyo mtu wa kelele. "Mama Iteka. Unamwoza mtoto? Kidato cha pili? Na unakuja kusema hapa kwangu?"

"Namwoza? Nani anaoza?"

"Si umesema mahari!"

"Ndiyo, mahari!"

"Umepokea mahari ya yule mtoto halafu unasema huozi?"

"Nipokee nini? Mahari! Mahari ya kurara! Mahari ya kukaa!" Alikuwa anapiga piga sakafu kwa kiganja. "Chumba! Kwa mzee Kazimiri na mke wake, wanaweka wasichana wa shure! Biharamuro kuna shure ina maabara, Ineza anataka sayansi, nimeomba uhamisho, wamesema nafasi ipo ira bweni hakuna, nitafute mwenyewe mahari! Nimetafuta! Nimepata!"

Iteka akaamka mgongoni, akalia kidogo, akalala tena.

"Mahali," mama akasema polepole.

"Si ndiyo ninavyosema tangu mwanzo? Mahari."

Nilikaa chini. Nikaanza kuyapanga upya yale ya asubuhi moja moja, na kila moja likageuka likanionyesha uso mwingine. Godoro la kwenye kile chumba. Sanduku la shule. Mzee amekubali. Mtoto mdogo, mdogo wapi. Asijue, mtihani hatafanya. Hata kicheko kile. Sasa hivi nikikikumbuka ni kicheko cha mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Alikuwa anafurahi tu. Mimi ndiye niliyekipeleka nyuma ya tangi kikiwa na meno. Sijui tena kama alicheka vile, au nilicheka mimi.

Mama akampigia Secilia wa Mbuba. Wakaongea Kihangaza, nikasikia tu mama anasema ee, ee, kisha ananyamaza. Ineza hajafika. Hajapiga. Tukampigia Ineza mwenyewe, yule mwanamke wa kwenye simu akasema namba haipatikani.

Mama Iteka alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi nauza mahindi pare Rusahunga," akasema, siyo kwa mtu. "Naona wasichana wanaopanda yare magari. Naona na wanavyoshuka. Ndiyo maana nikasema huyu hatembei barabarani kwenda shure miaka mingine miwiri. Atakaa karibu. Mtoto wa mwenzangu, siku naingia kwenye ire nyumba niriapa simgusi hata kwa kidore. Nikasema asije akasema ni mke wa baba." Akainua macho kwangu. "Kumbe nisipomgusa pia ni mke wa baba."

Nilitaka kusema samahani. Nimeitafuta. Malkia wa kwenye igizo ana maneno mengi sana, ila samahani haimo.

Akafungua mbeleko, akamlaza Iteka kwenye mkeka. "Naomba mniwekee huyu. Nakwenda Rusahunga na pikipiki. Kama ameparamia gari ambaro siyo, ritapita pare, yote yanasimama pare. Najuana nao wote." Alipofika mlangoni akakumbuka mfuko aliokuja nao, akarudi, akaniwekea mapajani.

"Kitenge chako. Nirikungoja asubuhi, hukuja."

Akaondoka. Tukasikia pikipiki inashuka kuelekea lami, mpaka ikachanganyika na malori.

Sasa Iteka yuko kitandani kwangu, amejitandaza, mguu wake uko juu ya mfuko wa kitenge. Mama amejilaza na nguo za mchana. Simu ameniachia mimi, eti una macho. Nimeshapiga mpaka nimeacha kusikiliza yule mwanamke anasema nini. Nimefungua mlango nikafunga. Nimefungua tena. Kutoka hapa malori yanasikika yanapopanda kilima, yanabadilisha gia, na kila likipunguza mwendo nasema hilo linasimama, hilo linamshusha. Halisimami.

Ninachowaza ni hiki. Betri lilikuwa na kijiti kimoja. Labda simu ameizima makusudi ili litunzike. Labda ataiwasha mara moja tu aone kama kuna kitu, halafu ataizima. Akiiwasha lazima akute kitu. Na kiwe wazi, kisiwe na neno la kumtisha tena.

Nikaanza kuandika. Ineza, siyo mahari, ni mahari.

Nikaisoma. Nikaona nilichoandika. Vidole vyangu vyenyewe.

Nikafuta. Kwenye simu ya mama l iko kwenye tano, unabonyeza mara tatu. R iko kwenye saba, mara tatu vile vile. Ukikosea kitufe simu haikuambii kitu, inapokea tu. Nikabonyeza polepole, huku nasema kwa mdomo kama Mwalimu anavyotufundisha, ulimi juu, la, la, la. Iteka akageuka, akasema "ra" usingizini, au nimesikia vibaya.

Nimeandika hivi:

Ineza ni mimi Eustakia. Hakuna mahari. Ni mahaLi. Mahali pa kulala, Biharamulo, shule ya sayansi. Kazimili ana mke. Godoro ni la shule. Nilisikia vibaya, nikakuigizia vibaya. Mama yako anakutafuta Lusahunga na pikipiki. Ukiona hii shuka popote penye watu, mtaje Mama Iteka, wanamjua. Nijibu hata nukta.

Nimeisoma mara nyingi. Pale kwenye mama yako nilikuwa nimeandika mama yako wa kambo. Nikatoa.

Nikatuma. Simu ikaandika: ujumbe umetumwa. Taa yake ikakaa kidogo, ikazimika. Nimeiwasha. Imezimika tena. Nimeiwasha.